Kusimama Wima

Lugha yetu humpima mtu kwa jinsi asimamavyo. Asiyeyumba tunasema ana msimamo. Mwenye haki tunamwita mnyoofu. Ndiyo maana mtu akipepesuka njiani watu hawaulizi anaumwa nini, bali amekunywa nini.

Baba yangu mdogo yalimfika hayo. Mchana alitembea bila shida, lakini giza likiingia alipapasa kuta. Alfajiri, akifumba macho kunawa uso wakati wa kutia udhu, aliyumba nusura aanguke. Majirani wakanong'ona kuwa mzee ameanza ulevi, naye kwa aibu akaacha kwenda msikitini.

Daktari mmoja alimwambia asimame, miguu pamoja, kisha afumbe macho. Papo hapo akayumba, ikabidi adakwe. Baada ya kupimwa damu alikutwa na kisukari, nacho kilikwisha kuharibu neva za miguu.

Baadaye nilisoma asili ya kipimo kile. Moritz Romberg, tabibu wa Berlin aliyezaliwa mwaka 1795, alikieleza katika kitabu chake cha maradhi ya neva kilichotoka kwa sehemu kati ya 1840 na 1846. Wagonjwa wake walisimama wakiwa wanaona, ila wakifumba macho waliyumba. Baadaye ikajulikana kuwa chanzo cha maradhi yao kilikuwa kaswende iliyoharibu uti wa mgongo.

Ndugu msomaji, mwili husimama kwa ushahidi wa mashahidi watatu: macho, sikio la ndani, na neva ziletazo habari kutoka kwenye nyayo na viungo. Shahidi wa miguu akinyamaza, macho humfichia siri. Ukiyafumba, siri hutoka. Siku hizi upungufu wa vitamini B12 nao huweza kuleta hali hiyo.

Kipimo hiki hakihitaji mashine, na bado madaktari hukitumia. Nionavyo mimi, ubora wake si wa kitabibu tu. Mbele ya mtu anayepepesuka, Romberg alitafuta ni habari gani isiyofika kwenye ubongo wake. Mtaani kwetu hukumu ilitangulia uchunguzi, na baba mdogo akakosa sala ya jamaa kwa maradhi ambayo hakuyaomba. Wahenga walikwisha kutuonya: hujafa hujaumbika.