Hori la Dubai na Wapima Maji

Wenyeji wa Dubai huliita khor. Sisi watu wa pwani tuna hori, na neno ni lile lile. Majahazi yaliyoleta boriti za mikoko kutoka Rufiji na Lamu yalisubiri maji yajae ndipo yaingie, maana mlangoni palikuwa na fungu la mchanga. Nahodha alihesabu mwezi, akajua bamvua ni lini na maji mafu ni lini, kisha akatupa bildi kupima kina. Mchanga ulipozidi, mtawala wa Dubai, Sheikh Rashid bin Saeed Al Maktoum, alikopa fedha Kuwait, na mwaka 1959 kazi ya kulichimba hori ikaanza.

Wakati manahodha wakihesabu mwezi, kipimo cha maji kujaa na kupwa kinachojiandikia chenyewe kilikuwepo tangu 1831, kule Sheerness, Uingereza: boya ndani ya bomba lisiloingiwa na mawimbi, na kalamu inayochora karatasini. Bandari ya Unguja ilipata chake 1984, Mombasa 1986. Kisha ikaja tsunami ya Desemba 2004, iliyoua watu hadi Somalia na Tanzania, na ikaonekana kuwa takwimu zinazosubiri kukusanywa mwisho wa mwezi hazimwokoi mtu.

Siku hizi kipima maji cha bei nafuu ni kijisanduku tu juu ya gati: kina paneli ya sola, laini ya simu, na kidude kinachopiga sauti chini na kuhesabu muda wa mwangwi kurudi. Kinavutia, ila jua la Dubai halina huruma nacho. Sauti hukimbia zaidi hewa ikipata joto. Kidude kilichorekebishwa kwa nyuzi 20, kikiachwa mita 3 juu ya maji kwenye nyuzi 45 bila kipimajoto, hukosea kama sentimita 12, wakati bahari duniani hupanda milimita 3 au 4 hivi kwa mwaka!

Joto lina dawa. Gati lenyewe ndilo gumu zaidi. Kipimo husoma bahari kwa kulinganisha na nchi kavu, na kisiwa cha Palm Jumeirah huko Dubai, kilichoanza kujengwa 2001, ni mchanga uliomwagwa baharini. Mchanga wa kumwagwa hutulia na kushuka. Ardhi ikididimia, kijisanduku kitasema bahari imepanda. Kwa hiyo mpimaji hana budi kurudi mara kwa mara na darubini yake, kuangalia kama msumari wa alama uliopigiliwa kwenye zege bado uko pale pale.