Pedi ya mashine ya polishi

Pedi ya mashine ya polishi ni duara la sponji, sufu au nyuzi laini linalobeba dawa ya kung'arishia rangi ya gari. Hunaswa kwa velkro kwenye bamba lililofungwa katika mhimili wa mashine. Viwili hivi huchaguliwa pamoja: bamba la milimita 125 huvishwa pedi ya takriban 140, ili sponji izidi kidogo pande zote na ukingo mgumu wa bamba usikwaruze rangi.

Kuiweka pedi katikati ya bamba ni kazi ya jicho na vidole. Fundi huchomoa plagi, huilaza mashine chali, hubandika pedi, kisha hukagua kama sehemu inayozidi ni sawa kulizunguka bamba lote. Tundu la katikati, kwa pedi zilizo nalo, ni msaada mkubwa. Ikikaa upande, ibanduliwe na kubandikwa upya. Kuisukuma ikiwa imeshika huchakaza velkro bure.

Kosa la kuibandika upande ni dogo lakini lina gharama. Pedi iliyokaa upande hutikisa mashine, huchosha mikono na kula beringi. Mashine za mwendo mseto, ambazo huzunguka huku zikiyumba kwa milimita 8, 15 au 21, zina uzito wa kusawazisha uliopimiwa pedi ya ukubwa fulani. Pedi kubwa mno huzidhoofisha, mzunguko ukafifia, na joto likizidi vikulabu vya velkro hulainika, pedi ikabanduka kazini.