Jina la Bwana Harusi

Ukienda kutazama mchezo wa mapenzi unajua kabisa kitakachowatenga wapenzi: baba mkali, tajiri mwenye tamaa, au barua iliyopotea njiani. Oscar Wilde, mzaliwa wa Dublin, aliyaweka hayo pembeni. Katika The Importance of Being Earnest, mchezo ulioanza kuonyeshwa London tarehe 14 Februari 1895, kikwazo kikubwa ni jina.

Kisa ni hiki. Jack Worthing ni bwana mwenye heshima zake huko shambani. Akichoka na heshima, hupanda treni kwenda London kula raha, na huko hujiita Ernest. Nyumbani anazuga kwamba Ernest ni mdogo wake mtukutu. Mjini anampenda Gwendolen, naye binti anatamka wazi kwamba siku zote ndoto yake ni kumpenda mtu aitwaye Ernest. Rafiki yake Jack, Algernon, naye anazuka shambani, anajiita Ernest huyo huyo, na kumtongoza Cecily, binti anayelelewa na Jack. Cecily naye ati hataki mwingine ila Ernest! Kwa Kiingereza jina hilo hutamkwa sawa na neno lenye maana ya mtu wa dhati. Na wote wawili wanaojiita hivyo ni waongo.

Lakini kicheko hiki kina meno. Tazama posa. Lady Bracknell, mama yake Gwendolen, anatoa kijitabu na penseli, anamhoji Jack kama karani: umri, kipato, nyumba, siasa, wazazi. Mambo safi, mpaka kwenye wazazi. Jack hawajui, aliokotwa mchanga ndani ya mkoba, kwenye chumba cha kuhifadhia mizigo, stesheni ya Victoria. Basi, posa imekwisha! Baadaye mama huyo huyo anamdharau Cecily, hadi anaposikia binti ana pauni 130,000. Ghafla anamwona mzuri. Wakubwa waliojaa ukumbi wa St James's walikuwa wakijicheka wenyewe, maana kwao mali na ukoo vilihesabiwa kwanza, mapenzi baadaye.

Usiku ule wa kwanza Marquess wa Queensberry alizuiwa kuingia, akiwa na furushi la mboga. Aliuchukia uhusiano wa Wilde na mwanawe, Lord Alfred Douglas. Tarehe 18 Februari aliacha kadi ya matusi klabuni kwa Wilde. Wilde akamshtaki kwa kashfa, kesi ikamgeukia mwenyewe. Alikamatwa tarehe 5 Aprili, na tarehe 25 Mei akahukumiwa miaka 2 na kazi ngumu kwa uhusiano na wanaume, jinai kwa sheria ya 1885.

Hapo suala la jina likatoka jukwaani likaingia mitaani. George Alexander, mwenye kampuni na mwigizaji wa Jack, aliliondoa jina la Wilde kwenye matangazo, akaendelea na mchezo hadi ulipofungwa Mei. Hebu fikiria: watu wanalipa kiingilio kumcheka mtu mwenye jina la uongo, na aliyemtunga hatajwi! Constance, mkewe, na wanawe wawili wakachukua jina la Holland. Katika gereza la Reading Wilde akawa C.3.3, namba ya chumba chake. Alipotoka 1897 akaishi Ufaransa kama Sebastian Melmoth. Tamthilia ilipochapwa kitabu 1899, haikuwa na jina lake. Alifariki Paris tarehe 30 Novemba 1900.

Jukwaani, Jack anafungua orodha ya maofisa wa jeshi na kugundua kwamba alibatizwa Ernest kweli. Uongo umekuwa ukweli, na harusi ipo. Mtunzi hakuandikiwa mwisho wa namna hiyo.

Vijana wenzangu tunaoandika, tunahangaika sana kuona majina yetu yamechapwa. Wilde aliandika sehemu 4. Alexander alipomtaka azipunguze ziwe 3, alinung'unika, kisha akakata. Kazi iliyobaki ilikuwa imekaza kiasi kwamba, hata baada ya kunyang'anywa jina la mwenyewe, watu waliendelea kucheka palepale alipotaka wacheke.