Mlio Kando ya Shingo

Toleo la 121 la The Amazing Spider-Man, Juni 1973. Green Goblin anamwangusha Gwen Stacy kutoka juu ya daraja jijini New York. Spider-Man anarusha utando, unamnasa mpenzi wake miguuni, naye anamvuta juu akijisifu kwamba amemwokoa. Kumbe anavuta maiti. Katika mchoro wa Gil Kane, kando ya shingo ya Gwen, pameandikwa mlio mdogo, kama wa kijiti kikavu kikivunjika.

Mashabiki wanabishania mlio huo hadi leo. Goblin anadai kwamba kuanguka kutoka urefu ule humuua mtu kabla hajafika chini. Mhariri Roy Thomas, akijibu barua za wasomaji katika toleo la 125, alisema aliuawa na kule kusimamishwa ghafla. Yaani na utando. Mwaka 2005 mwanafizikia James Kakalios alipiga hesabu kitabuni mwake, akakubaliana naye.

Mimi nasomea historia, na mashahidi wa kesi hii wananichekesha: maneno yanataja daraja la George Washington, lakini lililochorwa ni la Brooklyn! Hata hivyo, fizikia inaeleza tu shingo ilivunjikaje. Haisemi nani alimpandisha mtoto wa watu kule juu. Na bila utando, Gwen angekufa vilevile majini.

Katika toleo la 122 Peter Parker anampiga Goblin karibu kumuua, kisha anajizuia. Goblin anauawa na chombo chake mwenyewe cha kurukia.