Intaneti ya nyaya za shaba Daa na Karatu

Intaneti ya nyaya za shaba hupitishwa kwenye waya uleule wa simu ya mezani. Sauti hutumia masafa ya chini, yasiyozidi kilohezi 4. Teknolojia ya ADSL huchukua masafa ya juu yake, hivyo mtu huongea na simu huku kompyuta ikiendelea kupokea data. Tanzania Bara nyaya hizo zilikuwa mikononi mwa Kampuni ya Simu Tanzania (TTCL), iliyotokana na kugawanywa kwa Shirika la Posta na Simu mwaka 1993. Huduma ilienea polepole na ikabaki zaidi mijini.

Kikwazo cha kwanza ni umbali. ADSL2+ inaweza kufikisha megabiti 24 kwa sekunde jirani na kituo cha simu, lakini mawimbi hufifia kadiri waya unavyorefuka, na ukipita kilomita 5 hivi huduma huwa hafifu au haipatikani. Kata ya Daa, wilayani Karatu, inaonyesha ugumu huo waziwazi. Kwa desturi kila kaya ya Wairaqw hujenga ndani ya shamba lake. Waya unaovuka mashamba ya mahindi na maharage hukutana na nyumba moja, kisha hupanda mteremko mzima kabla ya kuifikia nyingine. Nguzo ni nyingi, wanaolipa ni wachache. Shaba yenyewe nayo iliwavutia wezi, na kipande kikikatwa, njia yote hunyamaza.

Simu za mkononi hazikuhitaji waya hadi mlangoni. Kufikia 2010 Tanzania ilikuwa na laini za mezani takribani 175,000, huku za mkononi zikikaribia milioni 21. Wananchi wengi waliingia mtandaoni kwa mara ya kwanza kwa simu ya kiganjani na bando. Uwekezaji mkubwa wa waya ulihamia kwenye nyuzi za kioo: Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa 2009, haukuwa wa shaba.

Hata hivyo, umbali peke yake haustahili kubebeshwa lawama yote. TTCL ililindwa dhidi ya ushindani wa simu za mezani hadi Februari 2005, na sheria ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, wa kuchangia gharama za maeneo yasiyo na mvuto wa kibiashara, ilitungwa 2006 tu. Ruzuku hiyo ilipaswa kutangulia soko huria, na kuchelewa kwake kuliviumiza vijiji kuliko miji.