Kilichogongwa Kilikuwa Kometi

Tarehe 4 Julai 2005, kifaa cha NASA chenye uzito wa kilo 370 hivi kiligonga kiini cha kometi iitwayo Tempel 1, takriban kilomita milioni 133 kutoka duniani. Afrika Mashariki ilikuwa Jumatatu, saa 2 na dakika 52 asubuhi. Huko Pasadena, California, ambako safari hiyo iliongozwa, usiku wa tarehe 3 ulikuwa haujaisha, na ukumbi mzima wa wahandisi ulijaa vifijo. Ufukweni Waikiki, Hawaii, maelfu ya watu walikusanyika kutazama picha kwenye skrini kubwa. Ndani ya kifaa kilichoangamia mlikuwa na diski yenye majina ya watu zaidi ya 600,000 waliojiandikisha miezi mingi kabla ili majina yao, angalau, yafike huko.

Msisimko huo ulikuwa wa haki. Tangu binadamu aanze kutazama mbingu, kometi zilikuwa vitu vya kutazamwa tu. Mwaka 1986 chombo cha Ulaya kiitwacho Giotto kilipita karibu na kometi ya Halley na kupiga picha za kiini chake. Mwaka 2005 ndipo mtu alipoigusa kometi, tena kwa kishindo, ili aone kilichomo ndani.

Lakini ni kitu gani hasa kilichogongwa? Msemaji wa Kiswahili ana maneno matatu ya kulijibu swali hilo: kimondo, nyota yenye mkia (au nyotamkia) na kometi. Katika mazungumzo, na mara nyingi katika habari, maneno haya hubadilishana nafasi kana kwamba ni visawe. Si visawe. Kila moja linataja jambo lake, na tukio la Tempel 1 linaonyesha vizuri mipaka yake ilipo.

Tuanze na kimondo. Hiki ni mwanga unaokatiza mbingu usiku na kutoweka ndani ya sekunde chache. Chanzo chake ni kipande cha mwamba au vumbi, mara nyingi kisichozidi punje ya mchanga, kinachoingia katika angahewa ya dunia kwa kasi kubwa mno. Hewa iliyo mbele yake hubanwa na kupata joto kali, kipande huungua, nasi tunaona mstari wa mwanga. Waislamu wengi wa pwani hukihusisha kimondo na shihabu, kijinga cha moto kinachowafukuza mashetani. Kiswahili kimelipanua neno hili hadi kwa jiwe lenyewe linapofika ardhini. Ndiyo maana lile bonge la chuma na nikeli lililoko Mbozi, kusini magharibi mwa Tanzania, lenye uzito wa zaidi ya tani 10, linaitwa Kimondo cha Mbozi. Matumizi hayo mawili yana sharti moja linaloyaunganisha: kitu kimeingia katika anga ya dunia yetu. Pasipo sharti hilo hakuna kimondo.

Tempel 1 haitimizi sharti hilo. Iligunduliwa mwaka 1867 na Wilhelm Tempel, mwanafalaki Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi Marseille, Ufaransa. Ilipogongwa ilikuwa ikilizunguka jua mara moja kila miaka mitano na nusu, katika eneo lililo kati ya njia ya Mirihi na njia ya Mshtarii. Haikuwa ikija kwetu mwaka 2005, na haiji sasa. Mtu anayesikia kwamba Wamarekani wamegonga kimondo ana haki ya kuuliza vipande vitaangukia wapi, kwa sababu kimondo kwa maana yake ya kawaida ni kitu kinachoanguka. Akiambiwa ni kometi inayopita njia yake mbali na dunia, hofu hiyo haina pa kuanzia. Hata pigo lenyewe halikuweza kuitoa Tempel 1 katika njia yake: upana wa kiini hicho ni kilomita kadhaa, na kilo 370 hazikitikisi kwa kiasi kinachoweza kupimwa.

Nyota yenye mkia ni jina zuri, na Waswahili hawako peke yao katika kulitumia. Waarabu huiita kometi mudhannab, yaani yenye mkia. Wachina huiita nyota ya ufagio. Wagiriki wa kale waliona nywele mahali ambapo sisi tunaona mkia, wakaiita kometes, yenye nywele ndefu, na humo ndimo lilimotoka neno linalotumika katika lugha nyingi za Ulaya. Majina yote haya yanaeleza umbo linaloonekana kwa macho, na kwa mtazamaji wa usiku yanatosha.

Kwa anayetaka kueleza kilichogongwa, jina hili lina kasoro mbili. Kwanza, kometi si nyota. Nyota hutoa mwanga wake yenyewe, na jua letu ni mojawapo. Kometi huakisi mwanga wa jua, na kiini chake huakisi kidogo sana: asilimia chache tu ya mwanga unaokifikia. Chini ya ule mng'aro wote kuna kitu cheusi kama makaa. Pili, mkia si kiungo cha kudumu. Kometi ikiwa mbali na jua ni bonge la barafu na vumbi lililoganda, wala haina mkia wowote. Inapokaribia jua, barafu hugeuka kuwa gesi bila kupitia hali ya maji, na gesi hiyo hubeba vumbi. Hapo kiini huzungukwa na ukungu mpana, na ukungu huo husukumwa na mwanga wa jua pamoja na chembe zinazovuma kutoka juani hadi ukawa mkia, mara nyingi mikia miwili: mmoja wa vumbi, mwingine wa gesi.

Kwa sababu hiyo mkia huelekea upande usio na jua daima. Kometi inapoliendea jua mkia uko nyuma. Inapoondoka, mkia hutangulia mbele. Anayeufikiria kama mkia wa mnyama, au kama moshi wa gari, hawezi kulielewa jambo hili, na jina lenyewe ndilo linalompeleka huko. Tena Tempel 1 ilikuwa hafifu kiasi kwamba mwezi Julai 2005 haikuonekana kwa macho matupu. Watu wengi walishangilia nyota yenye mkia ambayo hawakuiona nyota wala mkia, ila kwa msaada wa darubini na skrini.

Ndipo tunapofika kwenye kometi. Neno hili ni la mkopo, na limekubali sarufi yetu bila taabu: kometi hii inapita, kometi hizi zinapita. Faida yake kubwa ni kwamba haliahidi nyota, haliahidi mkia wala haliahidi kuanguka. Linaacha nafasi ya maana kujazwa na kile ambacho sayansi imekigundua. Na mwaka 2005 sayansi iligundua mengi.

Chombo kilichofanya kazi hiyo kiliitwa Deep Impact, jina lenye maana ya pigo linalozama ndani. Kilirushwa kutoka Cape Canaveral tarehe 12 Januari 2005, na mkuu wa wanasayansi wake alikuwa Michael A'Hearn wa Chuo Kikuu cha Maryland. Kilikuwa na sehemu mbili. Sehemu kubwa ni kipimaanga, neno linalofaa sana kwa chombo kisicho na watu kinachotumwa kupima mambo ya anga za mbali. Sehemu ndogo naiita kigonga, kwa sababu kazi yake ilikuwa hiyo tu. Siku moja kabla ya tukio kipimaanga kilikiachia kigonga. Katika saa mbili za mwisho kigonga kilijiongoza chenyewe, kwani amri kutoka duniani ingechukua zaidi ya dakika saba kukifikia. Kiliendelea kutuma picha hadi sekunde chache kabla ya kugonga, huku kipimaanga kikitazama kutoka mbali na kisha kupita umbali wa kilomita 500 kutoka kwenye kiini.

Hapa pana neno jingine la kuangaliwa. Wengi waliandika kwamba kometi ililipuliwa. Kigonga hakikubeba bomu wala baruti. Karibu nusu ya uzito wake ilikuwa shaba, iliyochaguliwa kwa sababu haichanganyiki kirahisi na maji ya kometi na hivyo isingewapotosha waliokuwa wakichunguza gesi zilizoruka. Nguvu yote ilitoka kwenye mwendo: kilomita 10 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, kilo 370 hubeba nishati inayokaribia ile ya tani 5 za baruti ya TNT. Kugonga ndilo neno sahihi. Kulipua humfanya msomaji aulize bomu lilitoka wapi.

Wanasayansi walitazamia kuona shimo. Waliona wingu. Vumbi laini kama poda liliruka kwa wingi na kukificha kiini hadi kipimaanga kilipokwisha kupita. Tangu mwaka 1950 kometi zilielezwa kwa maneno ya Mmarekani Fred Whipple kuwa madonge ya theluji chafu. Tempel 1 ilionyesha kwamba uchafu unaweza kuwa mwingi kuliko theluji, na kwamba sehemu kubwa ya kiini ni uwazi mtupu baina ya chembe zilizoshikana kwa ulegevu. Bonge la Mbozi ni chuma kigumu. Kiini cha Tempel 1 kisingehimili hata nyundo nyepesi. Vitu viwili vilivyo tofauti hivi havistahili jina moja.

Shimo lenyewe, ambalo Kiswahili kinaliita kasoko, lilionekana mwezi Februari 2011, chombo kingine cha NASA, Stardust, kilipopita hapo. Upana wake ulikuwa kama mita 150, na kingo zake zilikuwa hafifu, dalili nyingine ya udongo laini. Hii ilikuwa mara ya kwanza kwa wanadamu kuirudia kometi waliyokwisha kuigonga.

Hofu nazo hazikukosekana. Mnajimu mmoja wa Urusi aliishtaki NASA akidai dola milioni 300, kwa hoja kwamba pigo hilo lingevuruga mpangilio wa mbingu na kazi yake ya kutabiri. Mahakama ya Moscow ilikataa dai lake. Kiswahili kina njia nyepesi ya kuueleza mvutano huo: mnajimu husoma nyota ili atabiri maisha ya watu, mwanafalaki huzichunguza ili ajue zilivyo. Tuna maneno hayo mawili tayari, na gazeti linalomwita mwanafalaki mnajimu linamvunjia heshima bila sababu.

Umuhimu wa kutenganisha majina umezidi tangu wakati huo. Tarehe 26 Septemba 2022 chombo cha NASA kiitwacho DART kiligonga Dimorphos, mwezi mdogo wa asteroidi Didymos, na kupunguza muda wake wa kuzunguka kwa zaidi ya dakika 30. Dimorphos ni asteroidi, yaani jiwe lisilo na ukungu wala mkia wa kometi. Safari hii lengo lilikuwa kujifunza jinsi ya kulisukuma jiwe lisije likaipiga dunia. Mwandishi anayeita Tempel 1 kimondo, Dimorphos kimondo na bonge la Mbozi kimondo, amemnyima msomaji wake nafasi ya kuelewa kwa nini vitu hivyo vitatu havifanani.

Uamuzi wangu ni huu. Kimondo kibaki kwa kinachowaka katika anga yetu au kilichotua ardhini kwetu. Asteroidi itumike kwa mawe yanayolizunguka jua bila ukungu. Kometi iwe istilahi ya mabonge ya barafu na vumbi, katika vitabu vya shule na katika habari, na nyota yenye mkia ibaki kama maelezo ya mara ya kwanza kwa msomaji asiyelijua neno, na kama urithi wa mashairi na hadithi. Wahariri na walimu, anzeni sasa. Kometi ya Halley itarudi mwaka 2061, na watakaoandika habari zake kwa Kiswahili wako madarasani leo.