Muhuri wa Mhandisi na Zege la Karai

Sheria ya kwanza ya kusajili wahandisi nchini Marekani ilipitishwa Wyoming mwaka 1907, na chanzo chake kilikuwa ugomvi wa maji. Walioomba haki ya kumwagilia mashamba walikuwa wakipeleka serikalini ramani zilizochorwa na yeyote, hata wanasheria. Texas ilingoja hadi 1937, baada ya mlipuko wa gesi kuua watu karibu 300 katika shule ya New London. Kote huko wahandisi walikuwapo tayari, tena wengi. Sheria ilikuja kuwachuja. Waingereza, waliotuachia taratibu zetu nyingi, hawakufika hata hapo. Chama chao cha wahandisi wa ujenzi kilianzishwa 1818 na kinalinda vyeo kinavyotoa chenyewe, lakini mpaka leo kwao mtu akijiita mhandisi tu havunji sheria.

Kwetu mambo yalikwenda kinyume. Mwalimu Nyerere alikuwa akikumbusha kwamba Tanganyika ilipata uhuru ikiwa na wahandisi wazalendo wawili tu. Sheria ya usajili ilitungwa 1968, na Kenya ikafuata 1969, ilhali kitivo cha uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa 1973. Chekeche lilitangulia nafaka. Kutunga sheria mapema si kosa. Tatizo ni kile ilichokitazama. Ilitazama jina na cheti, huku nyumba nyingi zikijengwa na mafundi ambao majina yao hayakuwahi kufika kwenye daftari lolote. Sheria ya 1997 iliipa Bodi ya Usajili wa Wahandisi meno zaidi, lakini msingi wake ulibaki uleule: nani aitwe mhandisi.

Matokeo yake yanaonekana kwenye eneo la ujenzi. Getini kuna kibao chenye majina ya mkandarasi, msanifu na mhandisi mshauri. Ndani, zege linakorogwa kwa koleo, kokoto zinapimwa kwa karai, na likiwa zito kulisukuma kijana anaongeza maji, bila kujua kwamba kila ndoo ya ziada inapunguza nguvu ya nguzo. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 liliporomoka katikati ya Dar es Salaam na kuua watu 36. Wakati huo sheria za kusajili wahandisi, wakandarasi na wasanifu majengo zilikuwapo zote, na bodi zake zilikuwa kazini.

Wapo watakaosema bila usajili hali ingekuwa mbaya zaidi, na kwamba muhuri anaogonga mhandisi aliyesajiliwa unatuwezesha kumjua wa kuwajibika. Hoja hiyo ina uzito. Usajili wa muda unaodaiwa kwa wageni pia umezipa nchi zetu sauti mbele ya kampuni za nje, na mpango wa Bodi, ulioanza 2003, wa kumweka mhitimu chini ya mhandisi mzoefu kwa miaka mitatu ni wa kupongezwa. Lakini ulinzi wa cheo una gharama yake, na nchi maskini ndiyo inayoihisi zaidi. Nchini Kenya, wahitimu wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Egerton walikataliwa na bodi kwa kuwa kozi yao haikuwa imeidhinishwa nayo. Wakahangaika mahakamani hadi Mahakama ya Juu, iliyowapa haki 2018. Miaka yote hiyo nchi yenye uhaba wa wahandisi iliwaacha waliokwisha kusomeshwa wakisubiri mlangoni.

Sisemi daftari lichanwe. Nasema nguvu na fedha zihamie kwenye kazi yenyewe. Bunge litakapoigusa tena sheria ya usajili, limlazimishe mhandisi aliyegonga muhuri awepo zege la msingi na la kila sakafu linapomwagwa, lidai matokeo ya vipimo vya zege kabla ghorofa inayofuata haijaanza, na liwape mafundi wa mtaani mafunzo mafupi na cheti chao. Halmashauri nazo ziajiri wakaguzi wa kutosha, wenye mamlaka ya kusimamisha kazi siku hiyohiyo.